Mgeni wa Kamera na Jembe la Siku ya Tatu

Waswahili husema picha hupigwa. Wenye lugha nyingine husema picha huchukuliwa, na wengine husema hutengenezwa. Mswahili amechagua kitenzi kile kile anachokitumia kwa ngoma, kwa hodi na kwa fimbo. Huenda uchaguzi huo haukukusudiwa, lakini umebeba hekima. Ngoma hupigwa kwa furaha ya wote waliopo. Hodi hupigwa ili mwenye nyumba apate nafasi ya kukaribisha au kunyamaza. Fimbo hupigwa bila ya kuulizwa anayepigwa. Basi swali la kwanza juu ya picha ya mtu, kabla ya swali la mwanga na kabla ya swali la lenzi, lingepaswa kuwa hili: imepigwa kama ngoma, kama hodi, au kama fimbo?

Swali hilo limepata uzito mpya katika zama hizi za warsha za safarini. Mpiga picha mwenye sifa hutangaza safari ya siku saba au kumi kwenda nchi ya mbali. Wanafunzi wapatao kumi, aghalabu watu wa makamo kutoka Ulaya na Marekani Kaskazini wenye pesa na wakati, hulipa ada. Hoteli hukodiwa, basi hukodiwa, mkalimani hukodiwa. Na asubuhi ya pili darasa huanza. Moja kati ya masomo yanayopendwa mno ni lile la picha ya mtu katika mazingira yake. Hiyo si picha ya uso mtupu mbele ya pazia, bali ni ya mvuvi na mashua yake, seremala na randa yake, bibi na jiko lake. Kwa kuwa somo lahitaji watu na mazingira, na kwa kuwa wanafunzi hao hawaoni uzuri wowote katika watu na mazingira ya mitaa yao wenyewe, darasa hufunga mizigo na kupanda ndege.

Ufundi unaofundishwa huko ni wa kweli, na ni haki kuukiri. Mwanafunzi huambiwa aiweke kando lenzi ndefu, ile inayouleta uso karibu huku ikikifuta kila kilicho nyuma yake, ashike lenzi pana ya milimita 35 au 28, ambayo humlazimu asogee. Huambiwa abane tundu la lenzi hadi f/5.6 au f/8 ili ukuta, zana na dirisha visomeke pamoja na uso. Hufundishwa kumweka mtu ubavuni mwa mlango ili mwanga umwangukie upande mmoja, kuichunga nguzo isiote kichwani mwake, na kusubiri mpaka mikono isahau kwamba inatazamwa. Yote hayo ni elimu. Anayeyajua hupiga picha bora kuliko asiyeyajua, kama vile anayezijua kanuni za vina na mizani anavyoweza kutunga ubeti usiochechemea. Lakini kila malenga anajua kwamba vina na mizani havijapata kumpa mtu neno la kusema.

Tazama mfano wa Cuba, kisiwa kinachopendwa sana na warsha za namna hii. Sheria za vikwazo za Marekani zinamkataza raia wa nchi hiyo kwenda Cuba kama mtalii wa kawaida. Sharti awe na sababu inayokubalika kisheria. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilirudisha ruhusa ya safari za vikundi zilizoitwa za watu kwa watu, kwa sharti kwamba msafiri awe na ratiba kamili ya kujifunza na akutane kwa dhati na wenyeji. Ruhusa hiyo ya vikundi iliondolewa mwaka 2019, na ikarudishwa mwaka 2022. Warsha za kamera zilikuwa miongoni mwa safari zilizoingia kwa mlango huo. Kuna kejeli hapa isiyofichika. Sheria, ambayo haina moyo wala macho, ilitaka watu wakutane. Sanaa, inayojidai kuwa navyo vyote viwili, ikatoa dakika 20.

Kwani hivyo ndivyo inavyokuwa katika bonde la Viñales, magharibi ya kisiwa hicho, katika mkoa wa Pinar del Río. Bonde hilo liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Lina vilima vya mawe ya chokaa vilivyosimama wima kama kuta, udongo mwekundu, maksai wa kulimia, na mabanda marefu ya makuti ambamo majani ya tumbaku hutundikwa yakauke. Ndani ya banda mna giza. Mlangoni pana mwanga. Mwalimu wa upigaji picha hawezi kupita mahali kama hapo bila ya kusimama. Mkulima huitwa, hukalishwa karibu na mlango, huombwa awashe sigara nene aliyoisokota kwa mkono wake. Huombwa avute, apulize moshi, apulize tena. Kamera kumi humwelekea. Mkalimani hutoa shukrani kwa Kihispania, pesa kidogo huwekwa juu ya meza, na basi huondoka. Usiku, hotelini, picha hutazamwa moja baada ya moja ukutani, na mwalimu huusifu moshi.

Ni kitu gani kimekosekana katika picha hiyo nzuri? Kwa desturi ya mashamba hayo, mkulima huiuzia serikali sehemu kubwa ya tumbaku yake, asilimia 90 kama wenyewe wasemavyo, kwa bei iliyopangwa na serikali. Kilichobaki ndicho chake cha kuvuta, kugawa na kuwauzia wageni. Bei hiyo haionekani katika moshi. Septemba 2022 kimbunga kilichoitwa Ian kiliupiga mkoa huo wa Pinar del Río na kubomoa maelfu ya mabanda ya kukaushia tumbaku. Banda ambalo mwanafunzi amelipenda kwa uzee wake huenda limejengwa upya kwa mbao zilizookotwa katika vifusi, na mkulima huenda angalikuwa na mengi ya kusimulia juu ya usiku ule. Hakuulizwa. Tangu mwaka 1962 familia za Cuba zimekuwa na kitabu cha mgao wa chakula, na katika miaka ya karibuni wananchi wengi, hasa vijana, wameihama nchi. Pengine kiti kilicho kitupu nyuma ya mkulima ni cha mwanawe aliyehama. Katika picha, kiti hicho ni pambo la kuweka mizani.

Hapa neno la Kiswahili lenyewe linatoa ushahidi. Mazingira yametokana na kuzingira, na kuzingira ni kuzunguka pande zote, kama maji yanavyokizingira kisiwa au kama jeshi linavyouzingira mji. Mazingira ya mtu, basi, hayaishii kwenye vitu vinavyopendeza nyuma yake. Ni kila kinachomzunguka na kumbana: deni, bei, ndoa, sheria, msiba, mvua isiyokuja. Baadhi ya hayo huonekana kwa jicho, mengi hayaonekani mpaka mtu aulize. Picha inayoonyesha paa la makuti na ikaacha bei ya tumbaku haijaonyesha mazingira, imeonyesha mandhari tu. Na tofauti kati ya mandhari na mazingira ndiyo tofauti kati ya kutazama na kujua.

Liko jambo moja zaidi, na hilo ndilo linalofichwa kwa bidii kuliko yote. Katika dakika zile 20, kitu kilichomzingira mkulima kwa hakika ni wageni kumi wenye kamera. Hao ndio waliokuwa mbele yake, kulia kwake na kushoto kwake. Hao ndio waliomfanya avute sigara asubuhi wakati ambapo pengine angalikuwa shambani. Kama picha ya mtu katika mazingira yake ingalikuwa ya kweli, ingaliwaonyesha wao: viatu vyao vipya vya safari, mikoba yao, mwalimu anayenong'ona mahali pa kusimama. Lakini kanuni ya kwanza ya warsha, isiyoandikwa popote, ni kwamba mwanafunzi mmoja asitokee katika picha ya mwenziwe. Kila mmoja hungoja mwenziwe asogee ndipo abonyeze. Hivyo hutoka picha kumi za mzee aliye peke yake katika upweke wake mtukufu, na zote kumi ni za uongo.

Walimu wa somo hili hupenda kulitaja jina la Mmarekani Arnold Newman, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2006. Ni vyema wamtaje, ila wangemsoma mpaka mwisho. Mwaka 1946 alimpiga picha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky. Mtunzi ameegemea pembeni, mdogo, na kifuniko cha piano kimeinuka kama alama nyeusi ya muziki, kimetwaa sehemu kubwa ya picha. Jarida lililoiagiza liliikataa, na leo ni miongoni mwa picha mashuhuri za karne ya 20. Mwaka 1963 Newman alitumwa Ujerumani kwa Alfried Krupp, tajiri wa viwanda vya chuma ambaye mwaka 1948 alihukumiwa huko Nuremberg kwa makosa yaliyohusu kuwatumikisha mateka viwandani wakati wa vita, kisha akaachiwa mwaka 1951. Newman alikuwa Myahudi, na hakuipokea kazi hiyo kwa moyo mweupe. Alimweka Krupp juu ya jukwaa ndani ya kiwanda chake, akaweka taa chini kushoto na kulia, akamwomba ainame mbele kidogo. Uso uliotoka ni uso ambao hakuna mtazamaji angependa kukutana nao njiani usiku.

Picha hiyo ilikuwa fimbo, hapana shaka. Lakini ilipigwa na mtu aliyejua anampiga nani na kwa sababu gani. Kiwanda kilicho nyuma ya Krupp si pambo, ni shtaka. Piano iliyo mbele ya Stravinsky si samani; ni muziki wenyewe. Katika picha zote mbili ujuzi wa mtu ulitangulia, taa na lenzi zikafuata. Warsha imeupindua mpango huo: huanza na mlango wenye mwanga mzuri, kisha humtafuta mtu wa kuketi hapo. Yeyote atafaa, mradi awe na makunyanzi. Mkulima wa Viñales anaweza kubadilishwa na mkulima mwingine asubuhi ya pili na mwanafunzi asione tofauti. Mtu anayeweza kubadilishwa hivyo hajapigwa picha. Amekodiwa nafasi yake.

Kwamba hayo si ya warsha peke yake, historia inashuhudia. Machi 1936 Dorothea Lange, aliyekuwa akiifanyia kazi idara moja ya serikali ya Marekani, alifika katika kambi ya wavuna njegere huko Nipomo, California, akampiga picha mama mmoja na wanawe. Picha hiyo ikaenea duniani kwa jina la Mama Mhamiaji. Lange mwenyewe aliandika mwaka 1960 kwamba hakumwuliza mama huyo jina lake wala historia yake. Jina lilikuja kujulikana mwaka 1978: Florence Owens Thompson, mzaliwa wa Oklahoma, wa asili ya Wacherokee. Kwa miaka zaidi ya 40 watazamaji walikuwa wamemwona Mzungu maskini wa mashambani, na hakuna aliyewasahihisha. Alipopata nafasi ya kusema, alisema kwamba hakupata hata senti, na kwamba alitamani asingalipigwa picha ile.

Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistan, Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Juni 1985 uso huo ulitokea kwenye jalada la jarida la National Geographic. Miaka 17 ilipita kabla ya msichana huyo kuwa na jina mbele ya dunia. Alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002, Sharbat Gula alikuwa mama wa watoto, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona picha ambayo mamilioni ya watu walikuwa wameikodolea macho. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa kesi ya hati za utambulisho. Mwanamke aliyetambulikana kuliko wote duniani akashtakiwa kwa makaratasi ya utambulisho: ni nani angethubutu kubuni jambo kama hilo?

Watetezi wa warsha wana hoja zao, na ni uungwana kuzisikiliza. Ya kwanza ni kwamba picha husaidia. Picha za Lange zilipochapwa gazetini, serikali ilipeleka katika kambi ile ratili 20,000 za chakula. Ni kweli, na jambo hilo lisidharauliwe. Wenye njaa walikula. Lakini ni kweli pia kwamba chakula kilipofika, Florence na wanawe walikuwa wamekwisha kuondoka. Aliyetoa uso hakupata mkate. Kama Lange angaliuliza jina na njia ya kwenda, pengine angalipata. Wala haifai kuilinganisha warsha na kazi ya Lange: yeye alitumwa kuifanya nchi ione njaa, na mwanafunzi wa Viñales hakutumwa na yeyote ila hamu yake.

Hoja ya pili ni kwamba wenyeji hulipwa. Katika uwanja wa Kanisa Kuu la Havana ya kale wapo wanawake waliovaa magauni ya rangi, maua kichwani na sigara nene midomoni, ambao kazi yao ni kupigwa picha na wageni kwa malipo. Hao hawana lawama. Wamechagua vazi, wamechagua kiti, wamepanga bei. Wao ni waigizaji na mtazamaji anajua kwamba ni mchezo. Aibu humwangukia mgeni anayerudi kwao akaitundika picha hiyo ukutani na kuieleza kuwa ni maisha halisi aliyoyafuma kichochoroni. Pesa hununua dakika na mkao. Haijapata kununua haki ya kumweleza mtu kinyume na alivyo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu: kujua lugha ya watu huchukua miaka, na hakuna mwanafunzi atakayejifunza Kihispania cha Pinar del Río kwa siku saba. Ni kweli. Lakini fikiria mfasiri anayechukua kitabu cha lugha asiyoijua, akatazama umbo la herufi, akapendezwa na wino na karatasi, kisha akatoa tafsiri yake na kuitia saini. Wasomaji wangemwita mzushi, na hakuna ambaye angekubali udhuru kwamba lugha ni ngumu na safari ilikuwa fupi. Kwa nini basi uso wa mtu usomwe kwa utaratibu ambao haungevumiliwa kwa kitabu? Aidha, mkalimani yupo, amekwisha kulipwa, amesimama mlangoni. Hutumiwa kwa amri: geuka, inua kidevu, puliza. Angeweza kutumiwa kwa maswali. Kinywa ni kile kile. Kilichokosekana ni nia.

Msomaji wa visiwani hahitaji nauli ya kwenda Cuba ili ayaelewe haya. Anayajua kutoka upande wa pili wa lenzi. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanamke aliyeinama katika maji ya kupwa, kanga yake ikiwa imelowa, vijiti na kamba mbele yake, amekuwa picha isiyokosekana. Wageni humpiga kutoka ufukweni Paje na Jambiani, asubuhi baada ya asubuhi. Rangi ni nzuri: nyekundu ya kanga juu ya buluu ya maji. Kinachokosekana ni kile kile kinachokosekana Viñales. Haionekani bei ya kilo moja ya mwani mkavu. Hauonekani mwani wa aina ya kotonii, wenye bei bora kuliko wa kawaida, unaokufa kwa sababu maji yamezidi joto. Hauonekani mgongo unavyouma jioni. Na zaidi ya yote, halisikiki jina, ingawa kijiji kizima kinalijua na mtoto yeyote angelitaja kwa kuulizwa.

Hata hivyo kumlaumu mgeni peke yake kungekuwa kujipumbaza. Hatari iliyo karibu zaidi iko kwa vijana wa visiwani wenyewe. Wengi wao sasa wana kamera, wana simu zenye kamera, na baadhi yao wamepata elimu yao ya kwanza kwa kuwabebea mizigo na kuwakalimania wanafunzi wa warsha hizo. Wameujifunza ufundi, na ni vizuri. Lakini wamelijifunza na jicho. Kijana wa mjini huenda Makunduchi au Micheweni akampiga picha bibi wa miaka 80 mlangoni mwake, kwa mwanga wa ubavuni, kwa lenzi ya milimita 35, kisha huandika chini yake: mwanamke wa kijijini. Mgeni ana udhuru wa lugha. Kijana huyu ana udhuru gani? Yeye anajua kusema shikamoo. Anajua kwamba hodi hupigwa mara tatu, na kwamba asiyeitikiwa huondoka zake bila ya kinyongo. Bibi yule angaliweza kuwa bibi yake, na pengine ni bibi yake kwa upande wa mama kama angeuliza ukoo. Pale ambapo mwenyeji anajifunza kuwatazama watu wake kama mgeni wa siku saba, hasara si ya bibi peke yake.

Na wala si kwamba pwani hii haina urithi mwingine wa kujifunzia. Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930. Mombasa ilikuwa na N. V. Parekh, na Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyekuwa fundi wa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Watu walikwenda studio kwa miguu yao, wamejitia manukato na kuvaa nguo waliyoichagua, wakasimama mbele ya pazia walilolipenda, wakatazama lenzi kama mtu anayemtazama mwenziwe. Pazia lilikuwa la kuchora, na pengine lilichorwa jumba au bustani ambayo aliyesimama mbele yake hajapata kuingia. Mwalimu wa warsha angesema kwamba hayo si mazingira, ni bandia. Lakini mazingira yale mtu aliyachagua mwenyewe. Yalieleza anachokitamani, na tamaa ya mtu ni sehemu yake kuliko ukuta alioegemea. Mpiga picha alilijua jina, kwani aliliandika kwenye stakabadhi. Na picha ilirudi kwa mwenyewe, ikakaa ndani ya fremu barazani au ikatumwa ng'ambo kwa mchumba. Ilikuwa ngoma, na wote wawili waliicheza.

Nini basi kifanywe? Wahenga walikwisha kujibu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msemo huo hutajwa kwa mzaha, kana kwamba unamfukuza mgeni, lakini maana yake ni kinyume. Jembe ndilo linalomwondolea mtu ugeni. Anayelima pamoja na wenyeji hujua udongo ulivyo mgumu, hujua nani ana jembe zuri na nani amekopa, husikia yanayosemwa wakati mgongo umeinama. Warsha za siku saba zina siku ya tatu kama safari nyingine zote, ila jembe hulikwepa kila mara. Siku hiyo, kamera zingebaki hotelini. Mwanafunzi angeshinda bandani akitundika majani ya tumbaku kwa kadiri ya uwezo wake, au angeshinda katika maji ya kupwa akifunga mwani kwenye kamba, na mkalimani angefanya kazi aliyopewa na Mungu ya kuwafikisha watu kwa watu. Pasiwe na kamera kumi kwa mtu mmoja. Mwanafunzi mmoja akae na nyumba moja, iliyokubali kumpokea, kwa siku zote zilizobaki. Pasitoke picha hata moja isiyo na jina, ila pale ambapo mwenyewe ameomba jina lisitajwe. Na ada ya warsha, kabla ya kulipia divai ya jioni ya mwisho, ilipie karatasi ya kuchapia picha na nauli ya kuirudisha kwa mwenyewe.

Watasema kwamba kwa masharti hayo mwanafunzi atarudi kwao na picha tatu badala ya 300. Ndiyo, na atakuwa amepata faida. Mtunzi aliyeshinda mwezi mzima na beti kumi hazimwoni aliyetoka na beti mia kuwa amemzidi. Wala haitakuwa hasara kama katika siku hizo saba mwenye nyumba atasema hapana, na mwanafunzi akarudi bila ya picha ya banda lile. Hodi isiyoweza kukataliwa si hodi.

Kwa vijana wa hapa, sharti ni jepesi zaidi na kwa hiyo ni zito zaidi. Wasingoje walimu wa ng'ambo wabadilishe mtaala. Yule bibi wa mlangoni yupo, na picha yake pengine imo ndani ya simu tangu mwezi uliopita. Irudishwe kwake ikiwa imechapwa kwenye karatasi. Aulizwe kama ameipenda. Aulizwe amezaliwa wapi, nyumba ile ilijengwa na nani, na mti ulioonekana nyuma yake ulipandwa lini. Kisha chini ya picha yaandikwe majina yake matatu, kama anavyoyataja yeye. Akisema picha imemtoa vibaya na anataka apigwe nyingine akiwa na buibui lake jipya, apigwe.